Kondoo anapokwama kuzaa: kusoma dalili kabla ya kuvuta

Wanakondoo wengi niliowaona wakifia njiani, katika vijiji vya Muheza, Pangani na Mkinga ninakozunguka kuwasaidia wafugaji, hawakufa kwa sababu mama zao walishindwa kuzaa. Walikufa kwa sababu mtu mwenye nia njema aliushika mguu uliokuwa unaonekana akavuta, kabla hajajua kama mguu ule ni wa mbele au wa nyuma, ni wa mtoto mmoja au wa wawili, na kichwa kiko wapi. Ndiyo maana maelezo haya nimeyapanga kwa dalili: unaanza na kile unachokiona au unachokigusa, unatafuta sababu yake, ndipo unaamua la kufanya. Yanamlenga mfugaji aliye mbali na daktari wa mifugo, hasa katika usiku wa masika ambapo hata bodaboda hapiti. Hayachukui nafasi ya daktari, na pale ninaposema aitwe, ninamaanisha aitwe kabla hujajaribu jambo jingine lolote.

Uzazi wa kawaida ulivyo

Kondoo hubeba mimba kwa siku 147 hivi, yaani miezi mitano kasoro siku chache. Aliyepandwa mwanzoni mwa Novemba, nyasi za vuli zilipochipua, atazaa mwishoni mwa Machi. Siku inapofika hujitenga na wenzake, huparua chini kwa kwato, hulala na kuinuka, hugeuka kuutazama ubavu wake, na kiwele hujaa hadi ngozi ikang'aa. Katika hatua hii mlango wa kizazi unafunguka taratibu. Huchukua saa 2 hadi 6, na kwa anayezaa mara ya kwanza huweza kufika saa 12, nayo haihitaji mkono wa mtu. Baadaye chupa hutokeza na kupasuka, kondoo huanza kujikamua kwa nguvu, na mara nyingi mtoto hutoka ndani ya saa moja. Aliyekaa vyema huja kama mvulana anayejitupa mtoni Pangani kutoka gatini: miguu miwili ya mbele imetangulia, nyayo za kwato zikitazama chini, na pua imelala juu ya magoti.

Kwa hiyo chombo cha kwanza ni saa. Shika kichwani muda chupa ilipopasuka, au uuandike kwenye simu. Ikiwa kondoo amejikamua kwa nguvu kwa nusu saa bila chochote kusogea, au saa moja imepita tangu chupa ipasuke na hakuna kwato wala pua inayoonekana, ni wakati wa kuchunguza. Kabla ya hapo kaa mbali kidogo na umwangalie, kwa sababu kondoo anayezungukwa na watu na tochi husitisha uchungu, na mfugaji akadhani amekwama.

Maandalizi

Andaa ndoo ya maji ya vuguvugu yaliyochemshwa, sabuni ya mche, glavu, mafuta safi ya nazi ambayo hayajachacha, kamba mbili laini za pamba zilizochemshwa, kitambaa kikavu na iodini. Kata kucha, vua pete na saa ya mkononi, nawa hadi kwenye kiwiko. Kondoo wetu wengi wana mkia mpana wenye mafuta, hivyo mtu wa pili aushike kando na kuusafisha pamoja na sehemu yote ya nyuma kwa sabuni. Mkono ukiingia na kinyesi, kondoo anaweza kunusurika usiku huo akafa kwa maambukizi siku ya nne.

Kuhusu kamba nisisitize, kwa kuwa Tanga ni nchi ya mkonge na katani haikosekani katika nyumba yoyote. Usiitumie hapa. Katani iliyolowa hukaza, hukata ngozi laini ya mtoto hadi kwenye kano, na nyuzi zake zinakwangua njia ya uzazi ya mama. Ukikosa kamba ya pamba, pasua utepe wa kanga kuukuu, uuchemshe, uukunje mara mbili.

Glavu nazo si pambo. Majimaji ya uzazi ya kondoo hubeba magonjwa yanayompata binadamu, yakiwemo brusela na homa ya Bonde la Ufa, ambayo ilizuka nchini mwetu baada ya mvua kubwa za mwishoni mwa mwaka 2006, na katika mwaka 2007 ikaua watu zaidi ya 100. Mwanamke mjamzito asishiriki kabisa, hata kwa kushika mkia au kumpangusa mtoto. Na ikiwa kondoo kadhaa katika zizi moja wametupa mimba kwa wakati mmoja, hasa baada ya mvua nyingi na mbu wengi, usiingize mkono wala usichinje. Toa taarifa kwa afisa mifugo wa kata siku hiyo hiyo.

Mkono unasoma nini

Kondoo asimame au alazwe ubavu, sehemu ya nyuma ikiwa juu kidogo kuliko kichwa, ili matumbo yasogee mbele na upate nafasi. Paka mafuta mkono wote, kusanya vidole vitano viwe kama ncha ya pia, na uingize polepole wakati ambapo hajikamui. Anapojikamua, tulia palepale. Usipambane naye.

Ukigusa mguu, jambo la kwanza ni kujua ni upi. Anza kwenye kwato na upande juu viungo viwili. Katika mguu wa mbele, kifundo na goti hukunjika kuelekea upande mmoja. Katika mguu wa nyuma, kifundo hukunjika upande mmoja na kiungo kinachofuata hukunjika upande wa pili, nacho kina ncha ngumu kama kisigino. Jizoeze kwa mwanakondoo aliye hai zizini, macho yakiwa yamefumbwa, siku ambayo hakuna haraka. Dakika 5 za mazoezi hayo zina thamani kuliko ukurasa huu wote.

Jambo la pili ni kuufuata mguu hadi unakoishia. Mguu wa mbele ufuate hadi begani, pita kifuani, ushuke na mguu wa pili, ili uwe na hakika kwamba yote miwili ni ya mtoto mmoja. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi hii nilikuta miguu miwili imekaa sambamba vizuri, nikaifunga kamba nikavuta. Mmoja ulikuwa wa mtoto wa kwanza na mwingine wa pacha wake. Waliingia nyongani kwa pamoja kama watu wawili wanaogombea mlango mmoja, na hadi nilipotambua nilichokuwa nimekifanya, wote wawili walikuwa wamekufa na mama ameumia. Tangu siku ile sifungi kamba kabla vidole vyangu havijavuka kifua kutoka bega hadi bega.

Jambo la tatu ni kujua kama mtoto yu hai. Bana ngozi kati ya kwato mbili za mguu mmoja, naye atauvuta. Tia kidole mdomoni, naye atakinyonya au kutikisa ulimi. Aliyetanguliza matako hubana kidole kinapogusa tundu la haja. Ukikosa jibu mara moja, rudia, kwa sababu aliyechoka hujibu kidogo sana.

Anajikamua, lakini hakuna kinachotokea

Hapa sababu kubwa ni mbili, na ukiingiza vidole utazitenganisha mara moja.

Ya kwanza ni mlango wa kizazi usiofunguka. Utakuta pete ngumu inayopitisha vidole viwili au vitatu tu, na nyuma yake unagusa mtoto au utando. Huenda umewahi mno: toa mkono, mwache nusu saa hadi dakika 45, upime tena. Ikiwa pete imelegea, endelea kusubiri. Ikiwa iko vilevile, na hasa ikiwa chupa imekwisha kupasuka, kondoo huyu anahitaji daktari wa mifugo, ambaye anaweza kumpa kalsiamu au kumpasua ili kumtoa mtoto. Kuipanua pete hiyo kwa nguvu ya vidole huichana, na mchaniko wa mlango wa kizazi huvuja damu ndani ambako huioni. Nimeona watu wakinywesha kondoo wa namna hii dawa za mitishamba za kuongeza uchungu. Uchungu ukiongezeka huku mlango umefungwa, kinachochanika ni kizazi.

Ya pili ni mtoto aliyetanguliza matako. Mlango umefunguka vizuri, lakini mkono unakutana na mkia na mifupa ya nyonga, miguu yote ikiwa imekunjwa chini ya tumbo. Kwa kuwa hakuna kinachoziba njia sawasawa, mara nyingi kondoo huyu hajikamui kwa nguvu. Hukaa mnyonge kutwa nzima, na mfugaji anasema bado hajafikia. Sukuma matako mbele na juu kidogo kuelekea tumboni mwa mama, tafuta ile ncha ya kisigino cha mguu mmoja, ukunje mguu kabisa, kisha funika kwato kwa kiganja chako chote na uilete nyuma kwa mzunguko, hadi mguu unyooke ndani ya njia. Kiganja kisiache kwato hata mara moja, maana ndiyo inayotoboa kizazi. Fanya vivyo hivyo kwa mguu wa pili, halafu mtoe kama anayekuja kinyumenyume, ambaye ninamweleza hapa chini.

Miguu miwili iko nje, pua haionekani

Usiishike bado. Soma viungo kwanza.

Ikiwa ni ya nyuma, na nyayo za kwato kwa kawaida zinatazama juu, mtoto anakuja kinyumenyume. Usijaribu kumgeuza, hakuna nafasi ya kufanya hivyo. Anaweza kutoka hivyohivyo, ila kitovu chake kitabanwa nyongani wakati kichwa kikiwa bado ndani, naye atajaribu kuvuta pumzi kwenye majimaji. Kwa hiyo andaa kila kitu kwanza: mafuta ya kutosha, mtu wa kushika mama, kitambaa kikavu. Ukianza, vuta kwa kunyooka hadi matako yatoke, kisha elekeza chini na umalizie bila kusita. Hii ndiyo nafasi pekee katika kazi yote hii ambapo haraka inaokoa.

Ikiwa ni ya mbele, kichwa kimegeuka ubavuni au kimeinama chini kati ya miguu. Kuvuta miguu hapa kunazidi kukirudisha kichwa nyuma, na shingo inaweza kuvunjika. Funga kamba laini juu ya kifundo cha kila mguu ili isikupotee, sukuma kifua nyuma wakati mama hajikamui, kisha pitisha mkono kando ya shingo hadi uipate pua. Ifunike pua na mdomo kwa kiganja, kwa sababu meno ya mwanakondoo yamekwisha kuota na yanachana, na ukilete kichwa mbele. Kikiwa kinateleza na kurudi, pitisha kamba nyuma ya masikio na kuipitisha mdomoni, ikae kama hatamu. Isiwe kitanzi cha shingoni, na usivute kwa taya la chini peke yake, huvunjika kama kijiti. Kamba hiyo ni ya kuongoza tu; nguvu ya kumtoa hubaki kwenye miguu.

Kichwa kiko nje, miguu haionekani

Usiku mmoja wa masika niliitwa kwa mama mtu mzima, kando ya barabara ya Muheza kwenda Pangani. Nilimkuta amepiga magoti kwenye matope ya zizi, na kanga yake ya pili amemfunika kondoo mgongoni.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Kichwa kimetoka tangu adhana ya Isha. Hawa wajukuu wanataka kumvuta kwa kamba, nimewakataza. Hebu mtazame mwenyewe.”

Kichwa kilikuwa kimevimba kama embe dodo, macho yamezibika, ulimi umelala pembeni, mnene na wa rangi ya zambarau. Wajukuu walikuwa wamekwisha kuamua kwamba amekufa. Niliubana ulimi kwa ncha za vidole, nao ukajivuta kwa kiasi cha unywele.

Sababu ya dalili hii ni miguu yote miwili ya mbele kubaki nyuma, imenyooka kuelekea tumboni mwa mtoto. Mabega yanakuwa mapana kuliko nyonga, kichwa kinanyongwa shingoni na damu hairudi. Kuvuta kichwa hakuwezi kuyapitisha mabega. Ama shingo inateguka, ama mama anachanika. Ni lazima kichwa kirudi ndani kwanza, na hili ndilo watu wengi hawaliamini hadi waone.

Tulikiosha kichwa kwa maji ya vuguvugu, tukakipaka mafuta ya nazi hadi nyuma ya masikio, nikaweka ile hatamu ya pamba ili nisikipoteze kikirudi. Wajukuu wawili waliinua sehemu ya nyuma ya kondoo. Nilisubiri aache kujikamua, nikakisukuma kichwa kwa kiganja kilichotandazwa, polepole, kila nafasi alipotulia, hadi kikavuka ukingo wa nyonga. Ndipo nilipopata pa kupitisha vidole chini ya shingo hadi kwenye goti la mguu mmoja. Nililikunja goti juu, nikateremka hadi kwenye kwato, nikaifunika kwa kiganja na kuileta mbele. Mguu wa pili ulikuja kwa urahisi zaidi, kwa kuwa wa kwanza ulikuwa umekwisha kutoa nafasi. Baada ya hapo mama alijikamua mara nne, nami nikavuta naye, akatoka.

Ulimi ulikuwa umevimba kiasi kwamba hakuweza kunyonya, ingawa aliweza kumeza. Bibi alimkamua mama yake kwenye kikombe, akamlisha kwa kijiko, matone machache kila mara, usiku kucha. Siku ya pili uvimbe ulishuka akashika chuchu mwenyewe. Nimelieleza tukio hili kwa urefu kwa sababu kichwa kilichovimba hutisha, na watu humkatia tamaa mtoto ambaye bado yu hai.

Ikiwa kichwa kimetoka na mguu mmoja, kazi ni ileile ila nyepesi zaidi: rudisha kidogo, fuata bega la upande uliokosekana, leta mguu. Mtoto mdogo kwa mama mwenye nyonga pana huweza kutoka na mguu mmoja tu, lakini kama mivuto miwili ya kiasi haikumsogeza, usiende ya tatu.

Amekaa sawa, lakini hatoki

Umesoma miguu miwili ya mbele, kichwa kipo, kifua ni kimoja, na bado amesimama palepale. Sababu iliyozoeleka ni ukubwa wa mtoto. Kondoo wekundu wa Kimasai na wale wenye kichwa cheusi waitwao wa Kiajemi huzaa watoto wadogo, kilo 2 na nusu hadi 3 hivi, na mara nyingi mmoja mmoja. Wafugaji wetu wengi, kuanzia Handeni hadi Chalinze, wameanza kuwapandisha kwa madume ya Dorper, aina iliyotengenezwa Afrika Kusini miaka ya 1930, kwa ajili ya nyama. Ni uamuzi wenye faida, ila dume kubwa halifai kumpanda kondoo jike mdogo anayezaa mara ya kwanza, nami ningependa kila anayenunua dume aambiwe hivyo papo hapo anapolipa.

Ongeza mafuta, pitisha vidole kuzunguka kichwa ili kulainisha njia, kisha vuta mguu mmoja mbele kidogo na baadaye wa pili, ili mabega yapite moja baada ya jingine badala ya kuingia kwa pamoja. Vuta pale tu mama anapojikamua, kwa mwelekeo wa nje na chini, kana kwamba unamleta mtoto kwenye miguu ya nyuma ya mama yake. Nguvu ya mtu mmoja inatosha. Ukihitaji ya watu wawili, kuna kitu hujakisoma. Ikiwa paji la uso halipiti kabisa baada ya dakika 10 hadi 15 za kazi ya utaratibu, mwite daktari.

Amelala, hajikamui tena

Kondoo aliyechoka baada ya kujikamua muda mrefu ni tofauti na aliyeanguka kwa upungufu, na tofauti hiyo ni muhimu. Mwenye upungufu wa kalsiamu hutetemeka, hulegea, tumbo hujaa gesi, huweka kidevu chini au kukigeuzia ubavuni, na kizazi hukosa nguvu hata kama mlango umefunguka. Sindano ya kalsiamu, ikitolewa na afisa mifugo kwa kipimo sahihi, humwinua kwa muda mfupi wa kushangaza. Mwenye upungufu wa sukari ni yule aliyebeba mapacha na kupungukiwa malisho katika wiki 6 za mwisho, mara nyingi mwishoni mwa kiangazi kabla masika hayajaotesha nyasi: hujitenga siku kadhaa kabla ya kuzaa, haoni vizuri, hugonga vitu, na pumzi yake hunukia utamu wa ajabu. Huyu mpe glukosi ya kunywa ikiwa bado anameza, lakini mwite mtaalamu mapema, kwa sababu akishalala chini huinuka kwa nadra.

Harufu mbaya, au manyoya yanabaki mkononi

Mtoto amekufa siku moja au zaidi, ameanza kuvimba kwa gesi na njia imekauka. Kwa kawaida huyu si wa mfugaji. Kizazi kimekuwa laini kama karatasi iliyolowa, na anayevuta hukipasua. Daktari ndiye amtoe, na kondoo apewe kiuavijasumu na dawa ya maumivu siku hiyo.

Nyama nyekundu imetokeza nyuma

Tazama wakati. Ikiwa bado hajazaa na kinachotokeza ni mpira laini wa rangi ya waridi, wa ukubwa wa chungwa hivi, unaojitokeza anapolala na kurudi anaposimama, ni uke. Uoshe kwa maji safi yenye chumvi kidogo, urudishe kwa kiganja, na umtafute afisa mifugo aweke kizuizi. Akianza uchungu kizuizi hicho lazima kiondolewe. Ikiwa amekwisha kuzaa na kinachoning'inia ni mfuko mkubwa wenye vifundo vyekundu, ni kizazi chenyewe, na hiyo ni dharura. Mlaze mahali safi, kifunike kwa kitambaa safi kilicholowekwa maji ya chumvi, zuia kuku na mbwa, usivute kondo lililoshikamana nacho, na mwite daktari wakati huohuo. Sukari ya kawaida ikinyunyizwa juu yake hunyonya maji na kupunguza uvimbe mnapomsubiri.

Ametoka, lakini hapumui au hanyonyi

Futa ute puani na mdomoni, mlaze kifudifudi miguu ikiwa imekunjwa chini yake, msugue mbavu kwa kitambaa kikavu kwa nguvu kiasi, na tia ujani mkavu puani hadi apige chafya. Kumzungusha hewani kwa kumshika miguu ya nyuma ni desturi ninayoiomba iachwe. Humwaga majimaji ya tumboni kuliko ya mapafuni, na mtoto aliyelowa huteleza. Chovya kitovu kwenye iodini.

Maziwa ya mwanzo, dang'a, ayapate ndani ya saa 2. Kwa kila kilo ya uzito wake anahitaji mililita 50 kwa mlo wa kwanza na mililita 200 kwa siku nzima ya kwanza, hivyo mwenye kilo 2 na nusu anahitaji kikombe kidogo cha mililita 125 mara ya kwanza. Mama akikosa, dang'a ya mbuzi au ng'ombe mwenye afya hufaa. Ipashe moto ndani ya chombo cha maji ya vuguvugu, usiichemshe. Asiyemeza usimnyweshe, atapaliwa. Na pwani yetu ina joto, lakini mtoto aliyelowa kwenye upepo wa usiku wa mvua hupoa haraka. Ukitia kidole mdomoni mwake ukakuta baridi, mkaushe na umpashe joto kwanza, ndipo maziwa yafuate.

Kabla hujanawa, inua tumbo la mama mbele ya kiwele kwa viganja viwili. Ukihisi kitu kigumu kikirudi mkononi, yuko mwingine.

Baada ya kuzaa

Kondo la nyuma hutoka lenyewe ndani ya saa 2 hadi 6. Usilivute na usilifunge jiwe. Likizidi saa 12, mwarifu afisa mifugo. Likitoka, lifukie kwa kina ambacho mbwa hafiki. Kondoo yeyote aliyeingizwa mkono ahesabiwe kuwa amechafuliwa: zungumza na mtaalamu kuhusu kiuavijasumu, na uheshimu siku ambazo maziwa na nyama yake havitumiki. Mwangalie kwa siku 5. Akikataa malisho, akitoa uchafu wa kahawia wenye harufu, au akimsukuma mtoto kwa sababu kiwele kina joto na kimekuwa kigumu upande mmoja, pima joto lake. Lipime alfajiri, kabla jua halijapanda, kwa kuwa mchana wa Tanga kondoo mzima naye huweza kukaribia nyuzi 40 kwa joto la jua tu, lakini anayezifikia alfajiri ni mgonjwa.